Ada Iliyolipwa kwa Vidole

"Kwani kubonyeza kitufe nako kunasomewa miaka mitatu?" Swali hili nimeulizwa na wagonjwa, nimeulizwa na majirani, na aliuliza pia mjomba wangu, aliyeona kwamba kama nilikuwa na kichwa cha fizikia basi ningesomea uinjinia nikajenge madaraja. Nilikuwa nikicheka na kupita. Sasa nimestaafu, muda ninao, na nataka nilijibu kama linavyostahili.

Ukiutazama juu juu mtaala wa mpiga eksirei, utadhani mtu aliokota masomo njiani akayatia kapu moja: fizikia ya mionzi, umeme, kemia, anatomia, uuguzi, sheria. Kinachoyaunganisha ni historia yake. Kila somo liliingia humo baada ya watu kuumia kwa kutolijua. Ada ya masomo yetu ililipwa zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na sehemu kubwa ililipwa kwa vidole.

Nilisomea Muhimbili mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret na kubadilishwa jina baada ya uhuru. Kwetu ni Lindi. Niliporudi likizo ya kwanza, shangazi zangu walinikalisha kwenye mkeka wakanisomea risala: "Mwanetu, miale ile inakausha kizazi. Rudi ukasomee ualimu, tusije tukakosa wajukuu." Wajukuu wamewapata, tena wengi. Hata hivyo sikuwahi kuwadharau kwa hofu ile, maana ilikuwa na asili ya kweli, na asili hiyo ndiyo somo letu la kwanza.

Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana wazi. Hakuomba hataza. Akaiachia dunia ugunduzi wake bure, na dunia ikaupokea kwa pupa. Kufikia mwaka 1896 kila aliyekuwa na tyubu ya kioo na umeme wa kutosha aliweza kujiita mtaalamu. Wapiga eksirei wa mwanzo walikuwa mafundi umeme, wapiga picha wa studio, makarani. Hapakuwa na shule wala mtihani, na hakuna aliyejua kwamba miale isiyoonekana wala kusikika wala kunusika inaweza kuunguza.

Clarence Dally alikuwa fundi wa vioo katika maabara ya Thomas Edison huko Marekani. Alipotaka kujua kama tyubu inafanya kazi, aliweka mkono wake mwenyewe mbele yake. Ngozi ikaungua, vidonda vikakataa kupona, saratani ikaingia. Alikatwa mikono yote miwili, na mwaka 1904 akafariki akiwa na miaka 39. Edison, ambaye hakuwa mwepesi wa kuacha kitu, aliacha kabisa kazi ya eksirei.

Kule San Francisco alikuwepo Elizabeth Fleischman, mwanamke aliyekuwa akitunza hesabu ofisini. Alisoma habari za ugunduzi huo, akajifunza umeme, akafungua chumba chake. Askari waliorudi kutoka vita vya Marekani na Hispania vya mwaka 1898 wakiwa na risasi mwilini walipelekwa kwake, na picha zake zilikuwa safi kiasi cha kutiwa katika kitabu cha madaktari wa jeshi mwaka 1900. Mgonjwa akiogopa, Fleischman alitangulia kujiweka yeye mbele ya mashine ili kumwonyesha kwamba haina madhara. Mapema mwaka 1905 mkono wake ulikatwa, na Agosti ya mwaka huohuo akafariki. Daktari Mihran Kassabian wa Philadelphia naye alikuwa akiipiga picha mikono yake jinsi ilivyokuwa ikiharibika, hatua kwa hatua, wenziwe wapate kujifunza. Alifariki mwaka 1910.

Mwaka 1936, mjini Hamburg, lilizinduliwa jiwe la kumbukumbu lenye majina 169 ya watu kutoka nchi 15 waliouawa na kazi hii. Majina yaliendelea kuongezwa miaka iliyofuata. Kwangu mimi jiwe lile ni ukurasa wa kwanza wa kitabu cha fizikia ya mionzi. Mwanafunzi anapokariri kwamba akisimama umbali mara mbili mionzi inayomfikia inabaki robo, anajifunza kitu ambacho Dally hakuambiwa na mtu. Anapovaa aproni ya madini ya risasi na kukaa nyuma ya ukuta wenye kioo cha risasi, na kubandika kifuani beji inayopima dozi aliyopokea, anatumia kinga iliyoanza kujadiliwa kimataifa mwaka 1928, pale wataalamu walipokutana Stockholm na kuunda kamati ya kujikinga na mionzi. Leo mfanyakazi wa mionzi hatakiwi kuzidisha wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Picha moja ya kifua, ikipigwa vizuri, humpa mgonjwa chini ya 0.1. Shangazi zangu hawakuzijua tarakimu hizi. Ningekuwa mimi nafanya kazi mwaka 1900, wao ndio wangekuwa na haki.

Somo la pili ni umeme, na hapo Afrika ina ukurasa wake. Mwaka 1898, katika vita vya Waingereza kule Sudan, daktari wa jeshi aitwaye John Battersby alipeleka mashine ya eksirei kando ya mto Nile. Joto lilikuwa la kuharibu kila kifaa, kwa hiyo alivifunika kwa kitambaa kizito kilicholowa maji. Umeme haukuwepo. Akafunga dinamo kwenye baiskeli ya watu wawili, ikakanyagwa mpaka betri zikajaa, kisha ndipo risasi ikatafutwa mwilini mwa majeruhi. Nilipoisoma habari hiyo darasani niliiona kama kichekesho cha kale. Nilipopangiwa hospitali ya mkoa kusini niliacha kucheka. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na jioni mji ukishawasha taa volti zilishuka. Ukibonyeza kitufe bila kutazama mita, picha inatoka nyeupe, hakuna kitu, na mgonjwa ameshapata mionzi ya bure.

Tyubu za mwanzo zilikuwa na gesi ndani na kila moja ilikuwa na tabia zake. Leo inapiga kwa nguvu, kesho inazira. Mwaka 1913 William Coolidge, wa kampuni ya General Electric, akatengeneza tyubu yenye waya unaopashwa moto, na tangu hapo mpigaji akaweza kuchagua mambo mawili kila moja kwa nafasi yake: kilovolti, ambazo ni uwezo wa mionzi kupenya, na miliampea-sekunde, ambazo ni wingi wake. Hapo kazi ikatoka kwenye kubahatisha ikaingia kwenye hesabu. Mtoto wa kilo 8 na mpakiaji wa bandarini hawapigwi kwa vipimo sawa. Jedwali liko ukutani, lakini jedwali halimwoni mgonjwa aliyejaa maji kifuani wala yule aliyebaki mifupa mitupu. Wewe ndiye unayemwona, wewe ndiye unayeamua kuongeza au kupunguza.

Kazi ya chumba cha giza, palipooshwa filamu, nilifundishwa na mzee ambaye hakuwa na cheti chochote. Alianza hospitalini kabla ya uhuru, kijana wa kuosha trei, akapanda kidogo kidogo mpaka akawa ndiye mwenye chumba. Mimi nilikuja na diploma yangu mpya. "Shikamoo Mzee." "Marahaba mwanangu. Umenawa mikono?" Ndivyo alivyonipokea, na ndivyo alivyonipokea kila asubuhi, kwa sababu kidole chenye jasho au dawa kikigusa filamu, alama yake hubaki pale milele, na daktari anaweza kuiita kidonda cha pafu.

Vitabu vyetu viliandikiwa nchi za baridi. Vilisema dawa ya kusafishia filamu iwe nyuzi 20. Maji ya bomba letu yalikuwa ya uvuguvugu tangu alfajiri. Mzee aliweka tangi la dawa ndani ya tangi kubwa, akalizungushia barafu iliyogandishwa kwenye friji ya jikoni, akapima kwa kipimajoto na, nadhani kwa ajili ya heshima yake tu, akahakikisha kwa kidole. Barafu ikikosekana alifupisha muda kwa mujibu wa jedwali, huku akilalamika kwamba picha itakuwa na ukungu. Filamu hubanwa kwenye fremu kwa vibanio vinne, inaingia dawa ya kwanza, inasuuzwa, inaingia dawa ya pili ya kuigandisha picha, halafu nusu saa kwenye maji yanayotiririka, kisha inaanikwa. Yote chini ya taa nyekundu hafifu. Kijana wa leo anayeona picha kwenye skrini kabla mgonjwa hajashuka mezani atasema ni mateso. Lakini chumba kile kilitufundisha subira, na kilitufundisha kuhesabu gharama: filamu zilikuwa adimu miaka ile, na kurudia picha lilikuwa jambo la kujieleza.

Hata hifadhi ya filamu ilifundishwa kwa msiba. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kutoa moshi wa sumu. Tarehe 15 Mei 1929 filamu zilizohifadhiwa chini ya jengo la Cleveland Clinic, Marekani, zilishika moto. Walikufa watu 123, wengi wao kwa gesi waliyoivuta. Filamu salama zilikuwa zimeshaanza kupatikana miaka kadhaa kabla. Hospitali nyingi hazikuona haraka ya kubadilisha. Baada ya hapo haraka ilionekana.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la kumweka mgonjwa. Kathleen Clara Clark, Mwingereza, alilitolea kitabu kikubwa mwaka 1939, na kitabu hicho kimekuwa kikihaririwa upya kizazi baada ya kizazi. Tulikuwa nacho kimoja darasani, kurasa za mkono na bega zimechakaa kwa kufunuliwa. Mtu akija na kifua, unamgeuza uso kwenye kaseti ya filamu, tyubu nyuma yake umbali wa sentimita 180, mikono kiunoni, mabega yasukumwe mbele ili mifupa ya mabega iondoke juu ya mapafu. "Vuta pumzi, vuta, vuta... shika hapohapo." Usipomfanya avute vya kutosha, moyo utaonekana mkubwa, na mtu atapewa dawa za moyo usio na tatizo. Mfupa uliovunjika nao hupigwa pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, maana mstari wa mvunjiko unaweza kujificha kabisa upande mmoja. Na herufi ya risasi ya kulia au kushoto huwekwa kwenye kaseti kabla ya kupiga, isije ikaandikwa baadaye kwa kalamu. Wapo watu waliozaliwa moyo ukiwa kulia. Bila herufi ile, daktari ataigeuza filamu tu, akidhani umeibandika kinyume.

Somo la mgonjwa mwenyewe, tuliloliita uuguzi, lina swali moja gumu ambalo kwa mila zetu linahitaji ulimi laini. Mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Oxford na wenzake walianza kuchapisha matokeo ya kuwahoji mama waliofiwa na watoto kwa saratani. Waligundua kwamba mama waliopigwa eksirei wakiwa wajawazito walikuwa karibu mara mbili zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa mama wengine. Wakubwa wa taaluma walimpinga kwa miaka mingi, na muda wote huo wajawazito waliendelea kupigwa. Kazi yake ndiyo sababu tunauliza. Kwa mke wa mtu: "Dada, samahani kwa swali hili, mara ya mwisho umeona siku zako lini?" Binti akija na mama yake, swali hilo huliulizi mbele ya mama. Unamwambia mama asubiri nje kwa sababu ya mionzi, jambo ambalo ni kweli, halafu mlango ukishafungwa unauliza taratibu. Nimepata majibu humo ambayo yasingetoka mbele ya mama mzazi.

Lipo na jambo la majibu ya picha. "Sista, umeona nini?" Mgonjwa hajaanza hata kuvaa shati. Kanuni ni kwamba mpiga eksirei hatoi majibu. Daktari ndiye anayesoma. Kanuni hiyo tuliirithi kutoka Uingereza, ambako katikati ya miaka ya 1920 baraza la madaktari lilibana kwamba mpiga eksirei afanye kazi chini ya maelekezo ya daktari na asitoe utambuzi wa ugonjwa. Kule madaktari bingwa wa radiolojia walikuwepo. Huku kwetu, kwa miaka mingi bingwa alikuwa mbali sana, na daktari kijana wa wodini ndiye aliyekuja na filamu mkononi akiniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, hapa unaonaje?" Nilimwonyesha. Mgonjwa nilimwambia aende kwa daktari. Kanuni ikaheshimiwa na mgonjwa akatibiwa.

Cheti chenyewe kina umri gani? Vita vya mwaka 1914 ndivyo vilivyoonyesha kwamba watu wa kuendesha mashine wanahitaji kufundishwa kwa utaratibu. Marie Curie alipanga magari ya eksirei kwa ajili ya majeruhi wa Ufaransa na akawafundisha wanawake wapatao 150 kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1920 wapiga eksirei wa Uingereza waliunda chama chao, na mwaka huohuo mjini Chicago kikundi kidogo kikafanya vivyo hivyo kwa juhudi za Ed Jerman, mtu aliyezunguka hospitali kwa hospitali akifundisha na kukuta kila mahali pana ubahatishaji wake. Mwaka 1922 ikaanza sajili ya Marekani, na wa kwanza kuandikwa humo alikuwa mtawa, Sista Beatrice Merrigan. Hapa kwetu sheria ya kujikinga na mionzi ilikuja mwaka 1983, nikiwa bado mgeni kazini. Mwaka 2003 ikafuata sheria ya nguvu za atomiki iliyoipa nguvu Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo hukagua mashine na vyumba. Na mwaka 2007 ndipo Tanzania ikapata sheria inayowahusu wanataaluma wa radiolojia wenyewe, na baraza la kuwasajili. Tangu Dally azikwe mpaka siku hiyo ilipita zaidi ya miaka 100.

Nisiwe mchoyo, nitaje hoja ya upande wa pili. Shirika la Afya Duniani, likiona nchi zetu hazina wataalamu wa kutosha, lilibuni mashine rahisi inayotumia betri, tyubu na kaseti zimefungwa kwenye mkono mmoja, umbali wake haubadiliki, sentimita 140. Mwaka 1986 likatoa na mwongozo wenye michoro, uwezao kufuatwa na mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi. Nilivutiwa nayo, na navutiwa hadi leo. Walioibuni walikuwa wameuelewa ufundi wetu kiasi cha kuyafunga makosa mengi nje ya mashine. Kwa zahanati isiyo na chochote ilikuwa neema. Ila haikuweza kumuuliza binti swali lile mlango ukiwa umefungwa.

Hii inanirudisha kwa vijana na skrini zao. Enzi za filamu, ukizidisha mionzi picha ilitoka nyeusi tii, kila mtu akaona, na mkuu wa idara akakuita. Mashine za kidijitali huirekebisha picha. Zidisha mara tatu, bado itatoka nzuri, pengine nzuri zaidi. Kosa halionekani popote isipokuwa kwenye namba ndogo pembeni mwa skrini ambayo asiyesomea haisomi. CT scan sasa zimefika hospitali za rufaa za mikoa, na kipimo kimoja cha tumbo kinaweza kubeba mionzi ya picha za kifua mia moja. MRI haina mionzi, lakini sumaku yake haina mzaha: mwaka 2001 huko Marekani mtoto wa miaka 6 aliuawa ndani ya mashine hiyo na mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani ukavutwa na sumaku. Kadiri mashine inavyokuwa na akili, ndivyo asiyesoma anavyoweza kudhuru bila kujijua wala kujulikana.

Kwa hiyo mjomba, na wote mlioniuliza, miaka mitatu ni michache. Kujifunza kubonyeza ni kazi ya asubuhi moja. Muda uliobaki ni wa kujua kabla ya kubonyeza nani amelala pale, kwa nini ameletwa, kiasi gani kinamtosha, na lini umwambie daktari aliyemwagiza kwamba picha hii haihitajiki. Nawe msomaji, ukiingia chumba cha eksirei na asitokee mtu wa kukuuliza jina lako, upande unaouma, na kama ni mwanamke, hali yako, usivue shati. Toka nje, uliza aliyesomea yuko wapi.